Marehemu Aliyeimba Nyuma ya Pazia

Wewe wa rika langu, uliyewahi kukaa miguuni mwa watu wazima ukisikiliza maneno yasiyokuhusu, sogea kidogo unisikilize. Nataka nikueleze kosa nililolifanya nikiwa na miaka saba. Nitalieleza polepole, kwa sababu nimeona kwamba likielezwa haraka watu hucheka, na mimi sijaweza kulicheka mpaka leo.

Limenirudia juzi, hapa nyumbani kwangu Al Khuwair, Maskati. Mjukuu wangu alikuwa akichezea rimoti ya televisheni, akapita kwenye filamu ya zamani isiyo na rangi. Mwanamume mwenye kofia pana ameegemea piano anaimba, na nyuma yake mtu mwenye bastola amejibanza penye pazia. Mjukuu akasema, "Bibi, tazama jambazi huyu! Anangoja wimbo umalizike ndiyo apige." Akacheka, akabadilisha. Mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba, nikasimama pale maji yanakwenda, sikumbuki nilitaka kuosha nini.

Filamu za namna ile, mama yangu alizijua kuliko mtu yeyote Matrah, mtaa wa bandari wa Maskati. Tulikuwa tumehamia huko kutoka Unguja baada ya mapinduzi, mimi, Mama na Bibi, mama yake Baba. Baba alibaki nyuma. Alisema atamaliza mambo yake kisha atatufuata. Mimi na Mama tulipewa chumba kimoja kwenye uwanja wa jamaa, nyuma ya soko, mlima mweusi umetuinamia hata jua la asubuhi lilichelewa kutufikia. Bibi alikaa kwa mpwa wake, vichochoro vitatu mbele. Maskati ya siku zile haikuwa na senema. Kwa hiyo senema ilikuwa Mama.

Nikueleze ilivyokuwa. Kila baada ya sala ya alasiri, wanawake wanne watano wa kutoka Unguja walikuja kukaa kwenye mkeka wetu kushona kofia. Kofia ina matundu mengi madogo, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka liwe gumu. Ni kazi inayochosha macho, na mdomo unakuwa hauna la kufanya. Mama akawapa la kufanya masikio. Aliwasimulia filamu alizoziona Unguja, kwenye yale maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, wanaume wote wakishatolewa.

Hakuzipenda za Kihindi. Si kwamba hazikuwa nzuri, lakini zilikuwa ndefu, na Baba alitaka mkewe awe nyumbani kabla ya magharibi. Zile za Kimarekani za wezi na askari zilikuwa fupi, saa moja na kidogo, na zilitengenezwa kwa haraka na watu wasio na kitu. Mama alilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

"Ngazi ni moja," aliwaambia. "Tajiri akipanda, ngazi ya kasri. Askari akipanda, ngazi ya kituo. Wamebadilisha picha ukutani tu."

"We muongo!" Bi Zuwena alisema. Huyu alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mnene mwenye roho nyepesi. "Ngazi utaijuaje?"

"Ina kipandio kimevunjika. Wote wanakiruka. Jambazi anakiruka, na askari naye anakiruka."

Wakacheka mpaka sindano zikasimama.

Katika filamu hizo, hata mambo yawe mabaya namna gani, lazima mtu aimbe. Maiti iko chini ya meza, na huku mwanamke mwenye gauni la kumetameta anaimba. Na lazima pawe na mjinga mmoja, msaidizi wa askari kanzu, anayekaa juu ya keki au anayemkamata mkuu wake mwenyewe. Mama alifanya yote. Aliimba kwa maneno ya Kiingereza ambayo sasa najua hayakuwa Kiingereza. Alijikwaa kama yule mjinga. Alipofanya sauti ya jambazi alishusha kidevu, na mimi niliyekuwa nimelala kwenye paja lake niliisikia ile sauti ikipita mfupani.

Moja niliipenda kupita zote. Jina lake Mama hakulijua, alikuwa akiiita tu ile ya marehemu anayeimba. Stelingi wake ni mwimbaji aliyeona wizi kwa macho yake. Wezi wanataka kumuua. Askari kanzu anamficha, kisha anatangaza kwenye magazeti kwamba amekufa. Mkewe anavaa nyeusi, analia mbele ya watu, anapokea mikono ya rambirambi, na wezi wenyewe wanakuja na maua. Yule mjinga ana mafua, na kila akitaka kuitoboa siri anapiga chafya. Mwisho, wezi wamekaa kwa raha zao wanakula, taa zinafifia, na kutoka nyuma ya pazia inasikika sauti ya marehemu anaimba. Pazia linafunguka. Yuko hai. Jambazi mkubwa anazimia kwenye bakuli la supu, na mke wa mwimbaji anavua ushungi.

"Alijua siku zote?" niliuliza mara ya kwanza.

"Alijua," Mama alisema. "Alilia kwa ajili ya wale wabaya, wasishuku."

Mara ngapi nilimwomba airudie? Sijui. Aliirudia.

Kisha habari ikaja. Ililetwa na mtu aliyetoka Unguja kwa njia ya Dubai, aliyeketi na wanaume barazani kwa mpwa wa Bibi. Baba alikuwa ameugua homa, siku sita, akafa. Majirani walimzika. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile mimi nilichukuliwa na Bi Zuwena nikapewa mkate na asali kwake, nikaambiwa nicheze na paka, na hapakuwa na paka. Niliporudishwa, Mama alikuwa amekaa kwenye kona ya chumba, amevaa nyeupe tupu, bangili zimevuliwa, na hakunukia kitu. Mama yangu alikuwa akinukia asumini na udi maisha yangu yote. Nilimsogelea nikamnusa shingo kama mwana mbuzi, sikumpata.

Unajua eda inavyohesabiwa. Ni miezi minne na siku kumi, na inaanzia siku mume alipokufa, si siku mke alipopata habari. Habari ilikuwa imechukua miezi miwili kutufikia. Kwa hiyo Mama alikuwa keshaila karibu nusu ya eda yake bila kujua. Watu walimwambia hilo kama faraja: umebakiwa na kidogo. Nilimsikia akimjibu Bi Zuwena kwa sauti ndogo.

"Miezi miwili nimo edani naimba, Zuwena."

"Hukujua, mwanangu. Asiyejua hana dhambi."

"Nimejitia asumini. Nimekaa hapa nawachekesha watu, na mume wangu yumo kaburini."

"Basi. Usijitese."

"Nimezimia kwenye supu, Zuwena. Mwaka mzima sikucheka kama nlivyocheka miezi hiyo miwili."

Sikuelewa alichokililia. Nilichoelewa ni kwamba senema imefungwa. Wanawake walikuja na kofia zao wakashona kimya. Sindano ikipita kwenye kitambaa ina sauti, kumbe, sikuwahi kuisikia kabla.

Hapo ndipo mtoto alipoanza kutengeneza maana yake. Hakuna aliyekuwa ameniambia neno. Niliona mke kavaa nguo moja, anapokea mikono. Niliona watu wanakuja na sinia za chakula, wanatikisa vichwa. Sikuona maiti, sikuona jeneza, sikuona kaburi. Na mimi nilikuwa nimeshaiona hadithi hii mara nyingi, nilijua inakokwenda. Mama hakuvaa nyeusi, lakini hilo halikunisumbua. Hapa Matrah kila mwanamke ana buibui jeusi, kwa hiyo hila ya hapa ilihitaji rangi nyingine. Nikaanza kuwatazama wanaume njiani. Mama alisema askari kanzu hawezi kujulikana kwa sura, na Maskati nzima imevaa kanzu. Nikaona tumelindwa vizuri.

Nilikuwa na furaha, ndugu yangu. Naona aibu kuisema, lakini ndiyo kweli. Nilitembea na siri kubwa tumboni na nilikuwa na furaha.

Ila Bibi alikuwa haijui. Nilitumwa kwake na uji, nikamkuta amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani. Bakuli la jana lilikuwa pale pale, limeota ngozi juu. Bibi alikuwa mwanamke mwepesi, na siku hizo chache zilikuwa zimemla. Nikakaa karibu na kichwa chake.

"Bibi, usilie. Baba hajafa."

Hakugeuka. "Nyamaza, mwanangu."

"Kajificha. Wanasema kafa ili wale wabaya wasimtafute. Mama anajua."

Akageuka polepole. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalinitazama sawasawa. "Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mama yako? Kwa mdomo wake?"

"Ee. Kasema mke lazima avae vile na alie, watu wasishuku. Kisha mwisho anatokea."

Naomba uelewe kwa nini mwanamke mwenye akili timamu aliamini. Siku zile barua za Unguja zilifika zimefunguliwa. Watu walizoea kupeleka habari kwa midomo, kwa mafumbo, kwa watoto. Mtoto hashukiwi. Na mwili wa mwanawe hakuuosha mtu wa nyumbani kwake. Bibi aliona mkwewe amemtumia mjukuu, kwa akili, kama mtu anavyotakiwa kufanya.

"Anatokea lini?" aliuliza.

"Mwisho," nilisema.

Akaketi. Akauliza, "Huo uji una sukari?" Akaunywa wote.

Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, mtumishi wa mpwa wake alileta kwetu furushi. Mama alilifungua mbele ya Bi Zuwena. Ilikuwa kanzu ya Baba, ile nyeupe ya Ijumaa ambayo Bibi alikuja nayo kutoka Unguja. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa udi hata chumba kikajaa harufu. Na ujumbe: "Mwambie mkwe wangu nimefahamu. Siri ntaiweka. Kanzu ikae tayari."

Mama aliishika ile kanzu mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika kitu cha moto, kwa kuwa manukato hayakumjuzia. Uso wake ulikuwa unatafuta. Kisha ukanifikia mimi.

"Umemwambia nini bibi yako?"

Nilimwambia yote. Nilisema kwa majivuno. Nilitaraji atanikumbatia, tena nilimkonyeza, kama yule mjinga anavyomkonyeza mkuu wake kabla ya chafya.

Hakunipiga. Aliikunja kanzu taratibu, akaiweka juu ya sanduku, akachukua buibui lake.

Bi Zuwena akasimama mlangoni. "We Asha, wenda wapi? Umo edani!"

"Nnakwenda kwa Mama."

"Watu watasema nini? Mchana kweupe hivi? Mtume mtoto."

"Mtoto keshatumwa mara moja," Mama alisema. Akanishika mkono tukatoka.

Vichochoro vitatu. Jua lilikuwa limetulia juu ya mawe, hapana kivuli hata cha kuwekea mguu. Mkono wa Mama ulikuwa baridi. Wanaume wawili walioketi mlangoni pa duka walimjua kwa kuniona mimi, wakainamisha macho, na nyuma yetu nikasikia mmoja akisema kitu kwa Kiarabu, na mwenzake akamwambia anyamaze.

Bibi alikuwa jikoni. Alikuwa amevaa kanga mpya na amejifunga mtandio, anachambua mchele kwenye ungo. Alipomwona Mama alifurahi, kisha akashtuka, akaenda kuuvuta mlango.

"Mbona umetoka? Utaharibu, mwanangu. Watu wanakuona."

"Mama," mama yangu alisema, "Nassor kafa."

Bibi akamwekea mkono mdomoni. "Nnafahamu. Lazima useme hivyo. Lakini punguza sauti, huyu mtumishi ana masikio."

"Mama, sisemi kwa ajili ya mtu. Kafa. Kafa kwa homa. Wamemzika."

"Ndiyo, ndiyo." Alikuwa akimpigapiga mkono Mama, anamtuliza. "Nami ntalia, usikhofu. Wakija watu nnalia. Jana nimelia mbele ya mke wa mpwa wangu, hakujua kitu."

Kila neno alilokuwa nalo Mama lilikuwa limeshachukuliwa. Akisema kafa, ndivyo mke wa filamu anavyosema. Akilia, ndivyo anavyolia. Hata kule kutoka edani, Bibi alikuwa keshapata maana yake.

Kisha Mama akapiga magoti mbele yangu. "Msimulie Bibi," alisema. "Ile ya marehemu anayeimba. Yote, tangu mwanzo. Na nyimbo."

Nikasimulia. Nilijua kila kitu kwa mpangilio. Nilishusha kidevu kwa jambazi. Niliimba kwa Kiingereza cha Mama. Bibi alisikiliza akitabasamu kidogo, kama mtu anayengoja mtoto amalize ili watu wazima waendelee. Nikafika kwenye mazishi, wezi wamekuja na maua, na yule mjinga anataka kusema kwamba jeneza ni tupu. Nikavuta pumzi nipige chafya.

"Anakaa juu ya shada," Bibi alisema.

Hiyo sikuwa nimeitaja bado.

"Anapiga chafya, anakaa juu ya shada, miba inamchoma," Bibi alisema polepole. Alikuwa hanitazami mimi. "Hii mimi nimeiona. Asha, hii si ile tuliyokwenda mimi na wewe? Ulikuwa na mimba ya huyu. Nlicheka mpaka ukan'shika mkono, ukaniambia Mama, watu wanatutazama."

"Ndiyo hiyo, Mama," mama yangu alisema.

"Ni senema."

"Ni senema."

Bibi aliutazama ule ungo. Akaanza kuokota punje zilizomwagika, moja moja, akazirudisha. Alipomaliza akauweka chini. Sauti iliyomtoka haikuwa kubwa. Nimesikia watu wengi wakilia tangu siku ile, katika nyumba nyingi, lakini wote walikuwa wanalia mara ya kwanza.

Mama alikaa naye mpaka karibu na magharibi. Mimi nilikaa kizingitini, na hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa zito kuliko kugombezwa.

Njiani tukirudi, Mama alisimama ghafla, akaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya watu tusiowajua. Akanivuta nisimame mbele yake, macho yake na yangu sawa.

"Baba yako kafa," alisema. "Nassor, baba yako. Kiwiliwili chake kimo ardhini Unguja. Haji. Si kwa sababu hatutaki, wala si hila. Haji tena."

"Hata mwisho?"

"Hata mwisho."

Nikalia hapo, kwa mara ya kwanza. Aliniacha nilie. Kisha akasema jambo ambalo sikulitaraji kwa mtu mzima. "Siku zote hizi ulikuwa wamngoja peke yako. Mie sikukwambia. Nlidhani nnakuhurumia."

Bibi aliishi karibu miaka miwili baada ya hapo. Hakunilaumu hata siku moja, alinichana nywele kama kawaida, lakini nikimletea habari yoyote, hata ya mgeni kufika, alimtazama Mama kwanza kabla ya kunijibu. Eda ilikwisha, Mama akaoga akatoka, akarudi kwenye kofia. Wanawake hawakuthubutu kumwomba. Nyumba za senema zilipofunguliwa, miaka ya baadaye, nilimwalika. Alisema macho yake mabovu. Hayakuwa mabovu, alitunga uzi kwenye sindano mpaka uzeeni.

Nimekwisha kufiwa na wengi, na kila msiba nimeona watoto wakisogezwa pembeni na kupewa mkate na asali. Wanaopewa mkate huo wanajua tayari kwamba kuna jambo, na wasipopewa maneno watachukua yale waliyonayo, popote walipoyapata, na watayaamini kwa moyo wote. Si watoto wabaya. Wanafanya kazi ambayo sisi tumeikwepa.

Kwa hiyo ukifiwa, na nyumbani mna mtoto, mwite siku hiyo hiyo kabla wageni hawajajaa. Mkalishe karibu nawe. Mtaje marehemu kwa jina lake, sema amekufa, sema harudi. Kisha usiinuke, mpaka amalize kuuliza.